Ustadi wa Kusoma Madoa ya Potwe

Kusi linapolegea na Oktoba kuingia, manahodha wa Kilindoni huanza kuyasoma maji ya upande wa magharibi wa Kisiwa cha Mafia kwa makini zaidi. Huangalia ndege wanakoshuka, dagaa wanakorukaruka, na mahali uso wa bahari unapobadilika kwa wingi wa uduvi. Kisha hutokea pezi la mgongoni, pana na lisilo na haraka, na nyuma yake ncha ya mkia. Huyo ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Tangu Oktoba hadi Machi hivi huonekana karibu kabisa na mji, mara nyingine akila kando ya nyavu za wavuvi wa dagaa, kwa kuwa wote wanafuata riziki iliyo mahali pamoja.

Wengi wakishapanda tena botini husema, “Nimemwona potwe.” Wachache sana huweza kusema, “Nimemwona potwe yule yule wa mwaka juzi.” Kauli ya kwanza inahitaji macho na bahati. Ya pili inahitaji ustadi, na ustadi huo ulichukua muda mrefu kupatikana. Umepitia mikononi mwa watafiti wa nchi nyingi, wakiwamo Wamarekani kadhaa ambao maisha yao yanastahili kujulikana hapa pwani: mkusanyaji wa barua, mwanamke aliyewapenda papa, mpima nyota, na mtengenezaji wa programu za kompyuta. Mafia ni miongoni mwa mahali ambapo kazi yao imezaa matunda mazuri kabisa.

Tuanze na ugumu wenyewe. Potwe aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi mwaka 1828 na Andrew Smith, daktari wa jeshi la Uingereza, baada ya mmoja kuchomwa chusa katika ghuba ya Table Bay, Afrika Kusini. Baada ya hapo ikapita karibu karne nzima wanasayansi wakikutana naye kwa nadra tu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Eugene Gudger wa Makumbusho ya Viumbe na Mazingira ya Marekani, jijini New York, aliamua kuzikusanya habari zake popote zilipotokea. Alisoma magazeti na ripoti za meli, akawaandikia manahodha na wavuvi, na kwa miongo kadhaa akachapisha makala moja baada ya nyingine: potwe kaonekana huku, kakwama kule, kagongwa na meli pale. Mwaka 1940 alitoa makala nzima kuhusu potwe waliogongwa na meli, jambo ambalo hadi leo linawaua samaki hawa.

Naistahi sana kazi ya Gudger. Ni kazi ya mtu anayeokota punje moja moja bila kujua kama kapu litajaa. Lakini ilikuwa na ukomo ambao bidii peke yake isingeweza kuuvuka. Kila taarifa aliyoipata ilisema “potwe mmoja”, na hakuna iliyoweza kusema ni yupi. Taarifa kumi zingeweza kuwa za samaki kumi, au za samaki mmoja aliyeonekana mara kumi. Asiyeweza kumtofautisha mmoja na mwingine hawezi kuhesabu, wala hawezi kujua nani anakaa na nani anapita, nani amekua na nani ametoweka.

Eugenie Clark aliwasogelea papa kwa njia nyingine. Alizaliwa New York mwaka 1922, mama yake akiwa na asili ya Kijapani. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo, na Jumamosi mama alipokuwa kazini, binti aliachwa katika jumba la samaki la jiji, akisimama mbele ya vioo kwa saa nyingi. Mwaka 1955 alianzisha maabara ndogo ya bahari huko Florida, ambayo leo ni Mote Marine Laboratory. Hapo aliwafundisha papa kugusa shabaha ili wapewe chakula, akathibitisha kwamba wanyama waliodhaniwa kuwa wajinga wana uwezo wa kujifunza na kukumbuka. Alizamia katika Bahari ya Shamu na bahari nyingine nyingi, na mwaka 1997 yeye na mwenzake walichapisha uchunguzi wa potwe wadogo waliokuwa wakila viumbe vidogo vya maji karibu na La Paz, Meksiko. Aliendelea kuzamia hata baada ya kutimiza miaka 90, na alifariki mwaka 2015. Ninalolipenda katika maisha yake ni utaratibu wake: kaa karibu na mnyama, mtazame kwa muda mrefu, ndipo uandike. Bila moyo huo, hesabu yote inayofuata isingekuwa na cha kuhesabu.

Jibu la swali la “yupi?” lilikuwa limeandikwa ngozini mwa potwe tangu mwanzo. Mgongo wake wa kijivu umejaa madoa meupe na mistari hafifu. Madoa hayo hupangika tofauti kwa kila samaki, na mpangilio wake hubaki miaka na miaka. Kule Ningaloo, Australia Magharibi, kuna potwe dume aliyepigwa picha mwaka 1995 na akaendelea kutambuliwa kwa zaidi ya miaka 20. Aliyekuwa akikusanya picha za Ningaloo ni Brad Norman, mtafiti wa Australia. Kwa picha chache jicho la mtu linatosha. Zikifika mamia, halafu maelfu, jicho huchoka na kumbukumbu husaliti. Watafiti wengine walijaribu kuwafunga potwe vibao vyenye namba, lakini vibao hung’oka au huota uchafu wa bahari, na waliofungwa walionekana tena kwa nadra.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mmarekani mmoja aitwaye Jason Holmberg alikutana na potwe alipokuwa akipiga mbizi. Kazi yake ilikuwa kompyuta, hakuwa mwanabiolojia. Alipoona jinsi vibao vile vilivyoshindwa, aliamini kwamba kompyuta ingeweza kuyasoma madoa yenyewe. Alilipeleka tatizo hilo kwa rafiki yake Zaven Arzoumanian, mwanafizikia wa nyota anayefanya kazi na shirika la anga la Marekani, NASA. Huyu ni mtu wa nyota zilizokufa na kusinyaa, zile zinazozunguka kwa kasi ya ajabu na kumulika kama taa za mnara. Baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa NICER, darubini ya eksirei iliyopelekwa mwaka 2017 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kuzichunguza nyota hizo. Kwa mtu wa namna hiyo, picha ya ubavu wa potwe ni nukta nyeupe juu ya weusi. Na nukta nyeupe juu ya weusi ndizo alizozoea kuzifanyia kazi kila siku.

Wataalamu wa nyota walikuwa tayari na chombo. Mwaka 1986, Edward Groth, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Princeton, alichapisha katika jarida la Astronomical Journal njia ya kulinganisha orodha mbili za nukta. Alikuwa katika kundi la wanasayansi wa kamera ya darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, na ukanda mmoja wa anga uliopigwa picha na Hubble mwaka 1994 umepewa jina lake. Swali lake lilikuwa hili: ukiwa na picha mbili za sehemu ile ile ya anga, moja imegeuzwa kidogo, moja imekuzwa zaidi, na nyota fulani zimo katika moja na hazimo katika nyingine, utajuaje kwamba nukta hii ya hapa ndiyo ile ya kule?

Groth alijibu kwa pembetatu. Chukua nukta tatu zozote, ziunganishe, upate pembetatu. Ukisogea mbali, pande zake zote zinafupika kwa pamoja. Ukiigeuza picha, nayo inageuka. Lakini kuna vitu visivyobadilika: uwiano wa upande mrefu kwa upande mfupi, na pembe iliyo kati ya pande hizo mbili. Kwa hiyo kompyuta huviandika vitu hivyo, ule uwiano na kosaini ya ile pembe, kwa kila pembetatu inayoweza kupatikana. Huandika pia kama pande zinazunguka kufuata mwendo wa saa au kinyume chake. Pembetatu nyembamba mno hutupwa, maana kosa dogo la kuweka nukta huzipotosha sana.

Kisha pembetatu za picha ya kwanza hulinganishwa na za picha ya pili. Zinazofanana huwekwa jozi, na kila jozi hukaguliwa kama kiasi chake cha kukuza kinakubaliana na cha jozi nyingine. Isiyokubaliana huondolewa. Zinazobaki hupiga kura: kila jozi huipigia kura nukta yake ya hapa kwamba ni sawa na nukta fulani ya kule. Nukta zinazolingana kweli hupata kura nyingi kutoka pembetatu nyingi. Zilizofanana kwa bahati tu hupata kura chache na kuanguka.

Mvuvi wa Mafia hatashangazwa na wazo hili. Yeye huuona mwamba usioonekana kwa kulinganisha alama za nchi kavu, mnazi huu na paa lile upande mmoja, ncha ya kisiwa na mti mrefu upande mwingine. Haulizi mnazi una urefu gani. Anauliza umekaaje na kile kilicho nyuma yake. Mahali hujulikana kwa uhusiano wa alama, na uhusiano huo humrudisha pale pale hata baada ya miaka mingi.

Kinachozidi uwezo wa mtu ni wingi. Madoa 30 tu hutoa pembetatu 4,060. Kuzilinganisha zote na pembetatu 4,060 za picha nyingine ni ulinganisho zaidi ya milioni 16, na hapo umemaliza jozi moja tu ya picha. Tena nyota hazipindi mgongo. Potwe anaogelea, mwili unajikunja, mpigapicha yuko pembeni kidogo, maji yana ukungu. Arzoumanian aliirekebisha njia ya Groth ili ivumilie hayo, Holmberg akaijengea programu, na Norman akaleta picha na ujuzi wa miaka yake ya baharini. Mwaka 2005 watatu hao walichapisha kazi yao katika Journal of Applied Ecology. Kutokana na kazi hiyo ilikua maktaba ya picha za potwe wa dunia nzima, na Holmberg akaendelea kuijenga kupitia shirika la Wild Me la huko Oregon.

Wengi tunapomfikiria mvumbuzi, humwona mtu anayetoa kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Watu hawa walifanya jambo la unyenyekevu zaidi, na kwangu mimi la juu zaidi. Holmberg alikiri kwamba hana jibu akaenda kuuliza. Arzoumanian hakuona aibu kuazima. Groth, aliyeandika kwa ajili ya nyota, alikuwa ameieleza njia yake hatua kwa hatua hivi kwamba mtu asiyemjua, miaka karibu 20 baadaye, angeweza kuichukua na kuitumia kwa samaki. Uandishi wa namna hiyo ni ukarimu.

Lakini programu haipigi picha. Hapo ndipo ustadi unaporudi Kilindoni. Kwanza ni nahodha. Lazima amwone potwe kutoka mbali, ajue anaelekea wapi, apite mbali naye na kuiweka boti mbele ya njia yake bila kumkata, kisha apunguze mashine. Akimsogelea kwa pupa, potwe huzama na kazi ya asubuhi huishia hapo. Nahodha mzuri huwashusha waogeleaji mahali ambapo samaki mwenyewe atawapitia.

Kisha ni mwogeleaji mwenye kamera. Haendi kokote anakopenda. Anatafuta ubavu wa kushoto, nyuma tu ya matamvua na juu ya pezi la kifuani. Watafiti walikubaliana kutumia upande wa kushoto kama upande wa kwanza ili picha zote ziweze kulinganishwa, kwa sababu madoa ya kulia si sawa na ya kushoto. Picha nzuri huonyesha ncha ya juu na ya chini ya ufa wa tano wa matamvua, na sehemu ya ubavu iliyo sambamba na mwisho wa pezi la kifuani. Alama hizo tatu ndizo zinazoipa kompyuta mizani ya kupimia. Mwogeleaji awe sawa na samaki, asimguse, asimzuie njia, na ajizuie kupiga picha ya mdomo uliofunguka, ingawa ndiyo picha ambayo kila mtu anaitaka. Nidhamu hiyo ya kuacha picha ya kuvutia ili upate picha yenye maana ni nusu ya ustadi wote.

Watafiti wa Mafia waliongeza kipimo kingine. Huweka miale miwili ya leza kwenye kamera, sambamba, ikiwa na nafasi ya sentimita 50 kati yake. Nukta mbili za mwanga hutua ubavuni mwa samaki, na kwa kuwa nafasi yake inajulikana, urefu wa mwili hukokotolewa kutoka kwenye picha. Chris Rohner na Simon Pierce, watafiti wa Marine Megafauna Foundation, walitumia njia hii Mafia na Msumbiji. Ilionekana kwamba makisio ya macho peke yake hayaaminiki vya kutosha, hasa kwa samaki wakubwa.

Jioni hubaki kazi ya mezani. Kwa miaka mingi mtu alilazimika kuweka alama kwenye kila doa kwa mkono, moja baada ya jingine, na kuamua lipi ni doa kweli na lipi ni mwanga wa jua uliopenya majini. Alama zikishawekwa, kompyuta huleta orodha ya wanaofanana zaidi, na mwisho mtu ndiye huweka picha mbili kando kando na kusema ndiyo au hapana. Mashine hupendekeza, jicho lililofunzwa ndilo hutoa uamuzi.

Subira hiyo yote imetupa nini? Kwanza, imeonyesha kwamba potwe wa Mafia wanajulikana mmoja mmoja, zaidi ya 100, na kwamba wengi wao ni madume wachanga ambao bado hawajafikia ukubwa wa mita 9. Pili, imeonyesha kwamba nyuso zile zile hurudi mwaka hadi mwaka. Kisha vikaongezwa vifaa vya sauti: kifaa kidogo cha kutoa mlio hufungwa kwenye samaki, na vipokezi huwekwa chini ya bahari vikisikiliza. Mwaka 2015, Fernando Cagua na wenzake, akiwamo Mmarekani Michael Berumen, walichapisha matokeo yake. Wakati watu wa Kilindoni hawawaoni potwe, wengi wao hawajaenda mbali. Wamesogea nje kidogo na kushuka kwenye kina, lakini bado wapo karibu na Mafia. Mwaka huo huo Rohner na wenzake walieleza kinachowavuta ufukoni: mikusanyiko mizito ya uduvi wa aina ya Lucifer hanseni, katika mlango wa bahari unaopokea maji ya Mto Rufiji.

Tatu, picha za Mafia zilipowekwa pamoja na za Msumbiji na za Ghuba ya Uarabuni, kama ilivyochapishwa mwaka 2018 na Clare Prebble na wenzake, ilionekana kwamba potwe wachanga wa sehemu hizo huchanganyika kwa nadra sana. Wa Mafia ni wa Mafia. Hilo ni jambo zito. Mwaka 2016 potwe alipandishwa hadi daraja la wanyama walio hatarini kutoweka katika orodha ya kimataifa. Kama potwe wetu wangekuwa wapita njia, tungeweza kusema usalama wao uko mikononi mwa bahari nzima. Sasa tunajua kwamba nyavu zinazozungushwa mbele ya Kilindoni, mwendo wa boti za kitalii, na hali ya mikoko ya Rufiji vinawagusa moja kwa moja, tena samaki wale wale, kila mwaka. Na maji hayo ya Kilindoni yako nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa hiyo heshima ya wavuvi na manahodha ndiyo ukuta wao wa kwanza. Wavuvi wanaokata wavu wao ili potwe aliyenaswa aende zake wanapata hasara ya kweli, nao wanastahili shukrani zetu za wazi.

Ustadi huu haukuishia kwenye samaki. Mwaka 2016, Kenya iliwahesabu punda milia wa Grevy kwa picha zilizopigwa na wananchi wa kawaida, zikachambuliwa kwa mfumo ulio katika familia ya programu za Wildbook, ambayo mizizi yake ni ile maktaba ya picha za potwe. Kanuni ya kusoma mistari ya punda milia si ile ya Groth, lakini imani ni ile ile: kila mnyama ana sahihi yake, na mtu yeyote mwenye kamera na nidhamu anaweza kuchangia elimu.

Ndiyo maana naona kazi inayofuata inawahusu vijana wa Mafia wenyewe. Pembetatu, uwiano na kosaini zimo katika hisabati ya sekondari, na mara nyingi wanafunzi huuliza vinatumika wapi. Mwalimu wa Kilindoni ana jibu ambalo mwalimu wa Princeton angelitamani. Anaweza kuwapa wanafunzi picha mbili za ubavu wa kushoto, rula na karatasi, wachague madoa matano ambayo yanatoa pembetatu 10, wapime pande, watafute uwiano, kisha waamue kama ni potwe mmoja au wawili. Somo hilo halihitaji maabara wala mtandao. Watoto wa nahodha wanaojua potwe anaelekea wapi kwa kuangalia pezi lake tayari wana nusu ya ustadi ambayo Holmberg na Arzoumanian walilazimika kuitegemea kutoka kwa wengine. Wakiongezewa nusu ya pili, utafiti mkubwa ujao juu ya potwe wa Mafia utaandikwa na watu wa Mafia, na hiyo ndiyo heshima kubwa tunayoweza kuwapa wote walioanzisha kazi hii.